Meno Kwenye Mti wa Usukani

Kwenye boti ya Gosse,
Mfereji wa Prinsen,
Amsterdam.
14 Juni 2014

Mpendwa dada yangu Froukje,

Pokea salamu kutoka majini. Hujambo huko Kanada? Goti lako linaendeleaje? Kwenye kadi ya Krismasi uliandika mstari mmoja tu, kwamba limepasuliwa, halafu jina lako, basi. Miaka ishirini na mitano sasa tunatumiana majina tu. Lakini jina lako bado liko kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa chooni kwangu, na kila tarehe tisa Machi nakusalimu nikiwa nimekaa.

Mimi ni mzima, mzima kuliko vijana. Moyo unapiga kama injini ya dizeli, na meno yangu kumi na moja ni yangu mwenyewe.

Usishtuke kuona barua ndefu. Mwandiko wangu unaujua, sisi watoto wa tishari tulisoma siku za kupakia na kupakua tu. Lakini jambo hili kwa simu siliwezi, na kuandikiwa na mtu sitaki.

Nimekuja kupumzika na Wiebe, yule mwoka mikate, na Gosse aliyekuwa na ng'ombe nyuma ya kanisa. Tumevuka ziwa kutoka Lemmer kwa boti ya Gosse, na nahodha ni mimi, maana nani mwingine? Gosse alitaka kununua ramani. Nikamwambia, mimi nikiwepo ramani ya nini? Tukaingia mjini vizuri kabisa, ila mifereji wameihamisha kidogo tangu enzi zetu.

"Nahodha," Wiebe akasema, "daraja hili tumelipita mara tatu. Yule bibi dirishani ameshaanza kutupungia mkono."

Nikamwambia anyamaze, tunazunguka makusudi ili tuone mji. Na kweli nimeuona. Watu wa hapa bado hawafungi mapazia, nami sikuacha dirisha hata moja bila kuchungulia. Nimemwona bwana mmoja anakula mkate wa siagi peke yake, chumba kikubwa kuliko kanisa letu. Nimeona piano inaning'inia kwenye ndoano ya paa, inapandishwa ghorofa ya nne, nikapiga kelele kuwaelekeza jinsi ya kufunga kamba. Walinijibu vibaya, lakini piano ilifika.

Sasa sikia. Wenzangu niliwaambia ni mapumziko. Mimi nilikuwa natafuta Vrouw Jitske. Ndiyo, lile lile tishari la baba, tulimozaliwa mimi na wewe. Muuza dizeli mmoja aliniambia halikuwahi kukatwa kuwa chuma chakavu, kwamba limefanywa nyumba na liko Amsterdam. Nikawa nakodolea macho omo ya kila boti wanayoishi watu. Unakumbuka lile bonyeo la upande wa kushoto, kubwa kama jibini zima, baba alipogonga daraja siku uliyozaliwa? Hilo nalijua kwa kiganja, hata gizani.

Siku ya tatu nikaliona. Limepakwa rangi ya kijani, lina maua juu na paka, na jina limefutwa. Nikanyoosha mkono nikaupachika kwenye bonyeo. Mwanamke akatoka na ufagio.

"Wewe mzee, mbona unaipapasa nyumba yangu?"

"Nimezaliwa humo," nikamwambia, nikimwonyesha dirishani. "Hapo ulipoweka jiko ndipo alipolala mama."

Akashusha ufagio. "Basi ingieni. Viatu mvue."

Anaitwa Carlijn, anafundisha watoto kuchora. Akatupa kahawa na biskuti moja moja, kisha akafunga kopo. Wiebe akabaki analitazama lile kopo kama mbwa mlangoni kwa mchinjaji. Kwa kukosa la kutafuna akaanza kusimulia habari yangu. Kwamba mwaka wa hamsini na moja, ziwa limechafuka, baba yuko hoi kwa homa, mama yuko chini anahangaika na injini, ndipo Sietse wa miaka kumi akashika usukani peke yake mpaka kwenye lango la maji la kuingilia mfereji. Ameisikia mezani kwenye karata miaka arobaini, anaijua kuliko mimi.

Carlijn akainuka. "Kumbe wewe ndiye wa kuniambia! Kuna kitu kinanisumbua siku nyingi."

Akatupeleka nyuma. Mti wa usukani, ule mkono mrefu wa kuongozea, bado uko pale pale, Froukje. Alikuwa ameuparua rangi zote mpaka kwenye mbao, na karibu na ncha kuna alama.

"Watu wananiambia ni mbwa," akasema.

Nikavaa miwani nikainama. Meno madogo, yamezama kwelikweli. Chini safu nzima. Juu, katikati, nafasi ya meno mawili, tupu.

Unajua nilichokuambia kwenye maziko ya baba, kipande cha keki mkononi, mbele ya ukoo mzima. Ulisema uliukumbatia ule mti na kuung'ata usikutupe majini. Nikasema hakuna mtu anayeng'ata usukani, na kwamba Kanada imekufundisha kutunga ngano. Ukaweka kikombe chini, ukachukua koti lako, na hujarudi tena.

Vuli ile ya dhoruba ulikuwa na mapengo mawili mbele. Mimi yangu yalikuwa yametimia.

Wiebe alikuwa bado hajajua kitu. "Haya shujaa, hebu ng'ata tena tuone kama yanaenea!" Wakacheka. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, sijawahi kukosa jibu.

"Si mimi," nikasema. "Ni dada yangu. Alikuwa na miaka minane."

Gosse, ambaye hapazi sauti hata kwa ng'ombe, akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chini. Nyuma ya magunia ya viazi. Nimejifunika gunia moja kichwani."

Wiebe akasema, "Miaka arobaini, Sietse. Na bia nilikuwa nakununulia mimi." Carlijn akaenda akafungua kopo tena, akanipa biskuti ya pili.

Tulipofika langoni siku ile wewe ulilala pale pale ulipoanguka kwa uchovu. Mimi nikapanda nikashika mti, baba akatokeza kichwa akanikuta. Kesho yake akanipa kisu chake. Nimemenyea matofaa kwa kisu hicho miaka sitini na mitatu. Ni chako. Nilitaka kukitia kwenye bahasha hii, posta wakakataa. Kwa hiyo itabidi uje ukichukue. Carlijn ameahidi kutoupaka rangi ule mti mpaka uje uuone. Ngazi yake ni mbaya kwa goti, lakini nitakushika mkono. Na bado mimi ni nahodha kuliko wewe, isipokuwa siku ile.

Nisalimie shemeji Durk, na mwanao Nynke na watoto wake, ingawa hawanijui. Mungu akulinde safarini, maana najua utakuja.

Kaka yako akupendaye, yule wa nyuma ya magunia,
Sietse