Mstari Mmoja Juu ya Chumvi ya Mama

Mama yangu mpenzi,

Goti lako linasemaje siku hizi? Najua utajibu "niko muzuri", maana hata ukiwa umelazwa ndivyo unavyojibu. Safari hii mjomba anayekusomea aniandikie ukweli. Mimi ni mzima, kikohozi cha vumbi la Lubumbashi kimeniacha. Barua inaletwa na Papa Kasongo, dereva wa lori la makala, lile linalojaa vumbi la mkaa, kwa sababu simu yako haipatikani mpaka mtu apande kilima.

Bado niko Kasapa, kwenye kile kibanda ninamowachapia wanafunzi wa chuo kazi zao. Juma lililopita alikuja kijana mmoja na karatasi juu ya teritwari yetu. Mama, yetu kabisa! Nilichapa huku nikitabasamu peke yangu. Mto Lufira ulikuwamo, uwanda wetu unaojaa maji wakati wa mvua, wenyeji na wageni waliofuata migodi, mahindi, samaki, makala. Nikawa nangoja zamu yako. Nilipofika kwenye kazi za watu, nikakuta: "Upikaji wa chumvi ya udongo umekwisha kabisa."

Vidole vikagoma.

"Hapana," nikamwambia, "mama yangu anapikaka chumvi mpaka leo."

"Yaya," akaniita kama dada yake mkubwa, "ile kazi ilishakufa. Ulimuona anapika siku gani?"

Mama, nikahesabu kwa vidole. Ni miaka minne tangu niondoke! Na kila kiangazi ulinitumia kifurushi cha chumvi kilichofungwa kwa nyasi. Mwaka huu mvua inakaribia na hakijafika. Nilimshuku Papa Kasongo kwamba amekila njiani, nikamsema vibaya bure. Mwambie anisamehe.

Nikakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Wewe unamwaga maji juu ya udongo kwenye kichujio cha nyasi, mimi nakinga yanayodondoka, napeleka chunguni, nachochea moto. Moshi unaniwasha macho, nalalamika, wewe unacheka. Na ni wewe uliyekuwa ukisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nilipoondoka, nani alishika nafasi yangu? Sikukuuliza hata mara moja. Nimekukumbuka, Mama. Ninaogopa kwamba yule kijana amesema kweli, na aliyeiua kazi ile ni mimi.

Anarudi baada ya majuma mawili kuchukua kazi yake. "Leta ile chumvi," alisema, "mi nitabadirisha ule mstari." Usinitumie kitu. Nimeomba ruhusa kwa mwenye kibanda, nakuja na lori hili hili safari yake ijayo. Kama chungu kimepasuka, nina sufuria kubwa.

Nisalimie mama mdogo mfuma mikeka, na babu katekista, umwambie kwamba misa huku ni ndefu kuliko ibada zake, ajitetee. Mjomba mwalimu asiruke mstari hata mmoja anapokusomea.

Karatasi zote za yule kijana nimeshazichapa. Pale penye chumvi tu nimeacha mstari mmoja mweupe. Wewe kwaruza udongo kidogo kidogo, goti likikubali, na usibebe maji. Moto nakuja kuuwasha mwenyewe.

Ni mimi mchochea moto wako,
Mado