Chupa Kumi na Mbili za Manjano

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Baba anaendeleaje na kidonda cha upasuaji? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia.

Huwa unanitania kwamba nimesomea kulisha vijidudu. Ni seli hai, kaka. Zinaishi kwenye chupa, ndani ya maji mekundu ya virutubisho, na zisipobadilishiwa maji kila baada ya siku mbili zinakufa. Ndiyo maana sijaja nyumbani tangu mwaka uanze. Maabara yenyewe haina dirisha. Wanafunzi kumi na wawili hukaa wamevaa makoti, mikono imeingia chini ya kioo cha kabati la hewa safi, nami, mwalimu wao, narudia yaleyale mpaka naichoka sauti yangu: pulizia glovu spiriti, usipitishe mkono juu ya chupa iliyo wazi, ukigusa kitu cha nje vaa glovu mpya.

Wiki tatu zilizopita tulikuta chupa zote kumi na mbili zimegeuka manjano, maji yamechafuka kama ya sabuni. Bakteria. Kazi ya muhula mzima tukaimwaga.

Mkuu wa idara akataka mkosaji. Macho yakamwendea Mama Maswali, mwanamke wa rika langu aliyerudi chuo baada ya kulea wanawe, mwepesi wa kuuliza, mzito wa mikono. Yeye ndiye aliyetumia kabati mwisho. Aliapa kwamba hakuruka hatua hata moja. Mkuu akamwondoa kwenye mazoezi, na bila mazoezi hamalizi chuo. Mama Maswali aliponitazama, nilijifanya nasoma lebo.

Kaka, ni mimi. Siku mbili kabla chupa hazijageuka nilikuwa nikiwagawia wote maji ya virutubisho kutoka chombo kimoja ulipopiga simu kusema Baba anaingizwa chumba cha upasuaji. Niliipokea na glovu mkononi, nikalia, kisha nikarudisha mkono uleule kabatini. Usijilaumu. Simu ilikuwa yako, mkono ulikuwa wangu.

Jumatatu nilimwambia mkuu. Akafunga mlango. “Mwalimu, wakaguzi wanakuja mwezi ujao. Akikosea mwanafunzi, tunamwondoa mwanafunzi. Ukikosea wewe, watafunga maabara. Hili limeishia humu.” Siku tatu nikafundisha usafi wa mikono, kiti cha Mama Maswali kikiwa wazi mbele yangu.

Jana nilimfuata kantini, nikasema yote mbele ya wenzake. Akauliza, maana haachi kuuliza, “Ulikuwa unajua wiki zote hizi tatu, mwalimu?”

Nikasema ndiyo. Akabeba sahani yake, akahamia meza nyingine.

Leo asubuhi darasa zima lilimwendea mkuu, naye Mama Maswali akarudishwa. Mimi nimesimamishwa kazi. Alinipita mlangoni akiwa amevaa koti lake, hakunisalimu, nami sikustahili.

Nitafika huko Jumamosi ya wiki ijayo. Mwambie Baba nimepata likizo. Hapana, kaka, usimwambie hivyo. Nitamweleza mwenyewe.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba