Badibanga Amepona

Kapata, Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa sita 1984

Kwa yaya wangu, kaka mukubwa mupendwa Henri, ku Lubumbashi

Moyo, yaya, nakusalimia. Moyo tena kwa muke wako Odile, na kwa batoto benye hatujaona sura zao bado. Mulilala salama? Baridi ya mwaka huu imekamata bifua yao, ao inapita mbali na nyumba yenu? Siye huku tungali, kwa neema ya Mungu. Bwana yangu Kalenga anaenda ku mugodi na anarudi, batoto banasoma, na mi ningali nauzisha samaki ya Nzilo ku soko. Vumbi nyekundu imeanza kuingia mpaka mu chungu ya bukari. Juu ya bahasha nimeandika Kabongo, jina ya Kiafrika yenye serikali inataka, lakini humu ndani utaniruhusu nikuite Henri, sawa vile mama anakuita mpaka leo.

Habari ya mama itakuja. Usiruke mistari, yaya. Ninakujua: tangu masomo ulikuwa unasoma barua kuanzia mwisho. Leo soma polepole, sababu mi mwenyewe mambo hii nilielewa polepole, na ninajuta kwamba nilichelewa.

Uliniuliza mu barua yako ya mwisho kama pompe ya maji ilifika, na gari inaendelea namna gani. Ile gari! Unakumbuka yote yenye nilikuandikia juu yake. Niliandika kama umetutumia maiti yenye magurudumu. Niliandika kama yule muzungu mwenye alikuuzishia alipashwa kuizika kwanza, kisha arudi kwao. Nilikuambia asubui haiwake mpaka jirani batoke kusukuma, ikiona mulima kidogo inachemka sawa sufuria ya maharagi, mulango ya nyuma tunafunga na kamba, na moshi yake inafanya watu wa soko bajue tunakuja mbele hatujafika. Na siku ile ilikufa njiani kutoka Nzilo, na samaki yangu yote ndani, jua ikiwaka! Mpaka leo, mutu akipanda humo, akishuka mapaka inamufuata kwa harufu ya samaki. Nilikuandikia hiyo yote kwa hasira. Ulimi hauna mufupa, na wangu hauna hata mushipa.

Lakini unajua sababu gani hatukuiuzisha. Wakati baba yetu, tata Badibanga, alikufa, weye ulikuwa Kinshasa kwa kazi, na telegramu ilikungojea Lubumbashi mpaka udongo ya kaburi ikakauka. Kwetu mutoto mwanaume wa kwanza njo anatupa udongo ya kwanza. Siku ile ilitupwa na tata Tshibangu, mudogo ya marehemu, na akasema juu yako, mbele ya bantu, maneno yenye haikupashwa kusemwa ku kilio. Ilikufikia. Toka siku ile hukukanyaga Kapata tena. Mwaka ikapita, gari ikafika na dereva, na neno yako moja tu: hii itabeba mama mu nafasi ya tata.

Mama alikamata lile neno na mikono mbili. Alizunguka gari, akaipapasa kapo, kifuniko ya moteri, akasema kama ni vile, jina yake ni Badibanga. Siye tukacheka. Tulisahau kama kwetu mwenye kubeba jina ya mutu njo mutu mwenyewe. Hata mutoto wa kunyonya, akiitwa sawa babu, mama yake anamusalimia tata. Basi ikaisha. Hakuna mwenye aliruhusiwa kuipiga teke tena. Mama alikuwa anasema: haikuharibika, tata yenu amelala. Haikuchemka: tata yenu iko na homa. Kalenga alileta mutu mwenye alitaka kuinunua, mama akaenda kukaa mu kiti ya mbele, akamuuliza kwa upole kama kwao banauzishaka batata. Yule mutu alitoka mu kiwanja bila kugeuka.

Halafu kila mara niliandika kwamba tata amelala, weye ulijibu mbio. Wiki haikuisha, kifurushi ya piesi ya gari iko ku gare ya treni: leo pompe, kesho bobine, mara nyingine demarere nzima, na pamoja karatasi mbili tatu zenye kujaa mwandiko wako. Mama alinisomesha mara tatu. Kisha alijitwika kile kifurushi ku kichwa, akaenda nacho mwenyewe mpaka ku Kasulo, kwa fundi Mukalay, ule mutu wa Manono mwenye anaimba mu kwaya ya Baprotestanti. Nikitaka kumusaidia, alikataa. Alisema dawa ya bwana yake ni kazi yake. Badibanga anarudi, anatembea siku kidogo, analala tena. Mi nikafikiri Mukalay anakula piesi yako. Nilifikiri hivyo muda murefu, na nilisema hivyo ku soko, na unajua soko.

Sasa shika moyo. Mwezi uliopita, saa ya muchana, mama alikuwa anachambua maharagi pa mulango, akaanguka kutoka ku kiti. Kinywa yake ilikuwa imepinda. Kalenga alikuwa ku nyumba, tukamubeba mpaka mu gari, pale mbele, nafasi yake. Badibanga akakohoa mara moja, akanyamaza. Jirani bote bakatoka, bamama na unga ku mikono, bakasukuma. Ikawaka. Tukapita nyumba ya masomo, tukafika pale barabara inaanza kupanda, ikachemka na kufa. Mama alikuwa anaangalia mbele, na ule mukono wake wenye ulibakia muzima ulikuwa unapigapiga gari taratibu, sawa vile mutu anatuliza mutoto. Na mi, yaya, nikaitukana ile gari kwa jina yake yote, mama akisikia. Jina ya tata yetu. Hiyo ningali ninaibeba.

Lori ya muchanga ikatuonea huruma. Tulifikisha mama ku hospitali juu ya muchanga, kichwa yake mu mapaja yangu. Balimupokea muzuri. Munganga aliniuliza alianguka saa gani, nikamujibu, akaangalia saa yake. Sikumuuliza sababu gani aliiangalia. Upande wa kuume umekufa. Maneno inatoka, lakini pole, na inamuchokesha. Mama anatuelewa bote, anakula uji, na tunamushukuru Mungu kwa ile yenye imebakia.

Siku yenye ilifuata nikaenda ku Kasulo kwa fundi, na bamama tatu ba soko benye sauti. Sikumusalimia hata. Mbele ya muke wake na bantu ba kwaya yake nilimuita Mukalay mwizi, mula-bajane, nikasema anauzishia bataksi piesi yenye yaya wangu anatuma, na kama mama yangu akikufa damu yake itakuwa ku mikono ile ya mafuta. Aliniacha mpaka nikakosa pumuzi. Akapangusa mikono. Akauliza kitu moja tu: kama nimekwisha kufungua sanduku ya mama. Akasema alikuwa amemupa mama neno yake, kwamba hatasema, lakini neno ile haiwezi tena kumusaidia mama pale amelala.

Tukaenda naye. Ile sanduku yenye mama aliolewa nayo, unaijua, hakuna mutoto mwenye aliigusaka. Juu kulikuwa kitenge yenye ameweka kwa siku ya kumuzika. Chini yake kulikuwa piesi zako, yaya. Zote. Pompe ya kwanza na pompe ya pili, bobine, demarere, buzi, mukanda, mupira ya radiatere, kila kimoja mu karatasi yake ya duka, tena mu kipande ya kitenge, na kufungwa namna tunafunga mutoto muchanga. Moja tu njo ilikuwa imeonja mafuta.

Nilikaa ku kitanda ya mama, na Mukalay akaeleza, akiangalia chini. Piesi ya kwanza kabisa yenye ulituma, aliiweka mu gari. Gari ikatembea masika nzima bila kulala. Na masika nzima, barua haikutoka Lubumbashi. Mama akaenda Kasulo na kuku, akakaa mu kiwanja yake, akamuomba atoe ile piesi na kurudisha ya zamani. Mukalay akakataa, alisema fundi hafanye vile. Mama akarudi mara ya pili, fundi akakataa tena. Mara ya tatu alimuambia maneno haya, na Mukalay alinirudilia sawa vile aliisikia:

«Gari ikilala, mutoto wangu anaandika. Gari ikitembea, ananyamaza. Sasa niponeshe gari nipoteze mutoto?»

Mukalay akatoa ile piesi, akarudisha ya zamani. Toka pale alikuwa anaipachika na sabuni na waya, ifike tu soko na kurudi. Pesa ya mama hakupokea hata siku moja. Alisema ingemuunguza mikono.

Yaya, ni kweli. Ile masika ninaikumbuka. Mama alikuwa anauliza kila juma kama treni imeleta kitu, na mi nilimujibu kwa haraka, na mukono mu samaki, kwamba mutu akinyamaza ni kusema iko salama. Na wakati nilikuandikia ile matusi ya maiti yenye magurudumu, alikaa karibu yangu, anasikiliza kwa furaha yote, anasema ongeza, ongeza kama na moshi imekuwa nyeusi. Mi nilifikiri analalamika pamoja na mi. Kumbe alikuwa anakuita. Tuliishi mu nyumba moja, tukala mu sahani moja, na hakuweza kuniambia kama anakutamani, sababu alijua ningekuandikia kwa ukali, na weye ungeogopa zaidi.

Sikuandiki ili nikulaumu. Kama ni kosa, tuligawana: weye na haya yako, mi na ulimi yangu, tata Tshibangu na maneno yake ya kaburini, na mama pia, Mungu amusamehe, mwenye alifunga mu kitenge dawa ya gari yenye ingemufikisha hospitali mbio. Mukalay nilimupigia magoti mbele ya ile kwaya yote. Aliniinua, akasema yeye pia halale muzuri, sababu alijua hali ya ile gari kuliko siye bote, na hakufikiri kama siku moja mwenye kupanda atakuwa mama mwenyewe. Nilimupelekea samaki. Alipokea.

Mukalay alikamata zile piesi zote, akafanya kazi siku mbili bila kuimba. Sasa gari inawaka kwa ufunguo, mara moja, hata na baridi hii. Inapanda mulima bila kuchemka. Mulango ya nyuma inafungwa na kamba bado, sababu mulango hukutuma. Kalenga anatupeleka nayo hospitali kila magaribi, na jirani benye balizoea kusukuma banatoka tu kuangalia, bakikosa kazi.

Juzi nilimuambia mama kama Badibanga amepona. Nilifikiri atafurahi, ao atapata haya kwa sababu tulifungua sanduku. Aligeuza uso ku ukuta. Kisha akasema, na kile kinywa yake kizito:

«Basi Henri hataandika tena.»

Nikatoka inje ya chumba, nikalia ku veranda ya hospitali mbele ya bantu, mi Ngalula, mwenye kufukuza bapolisi ku soko.

Hiyo njo ilinikalisha niandike. Leo hakuna kitu imeharibika, yaya. Hakuna pompe ya kukuomba, hakuna samaki yenye ilioza. Barua hii ni ya kwanza yenye ninakuandikia bila gari kulala, na ninaogopa itakosa jibu. Usitume piesi tena. Sanduku iko wazi, na mama, na mukono moja, hawezi tena kufunga fundo. Jitume weye mwenyewe. Tata Tshibangu amezeeka. Kila sikukuu anauliza kama utakuja, kisha anakohoa ili tusimuangalie. Na udongo ya tata haikuisha. Utatupa yako siku utafika. Hakuna mwenye alisema mulango ya kaburi inafungwa saa fulani. Munganga haahidi kitu. Anasema tu tusingojee mwezi wa kumi na mbili.

Kalenga anakusalimia, batoto banakusalimia, jirani wote benye mikono yao inakujua kupitia gari yako banakusalimia. Umupe Odile mukono yangu, na ubusu batoto pa kichwa kwa ajili ya nyanya yao. Umwambie mutoto wako mudogo mwanaume, mwenye ulimupa jina Badibanga bila kutuambia, kwamba tulisikia, na mama anamuita tata kila asubui akiomba.

Andika siku ya treni tu. Neno moja inatosha. Usitafute taksi ku gare. Tata mwenyewe atakuja kukupokea, na safari hii hatalala njiani.

Mudogo yako,
Ngalula