Nilikoroma Kwenye Filamu, Mji Ukamshuku Mke Wangu

Mpendwa Bibi Ersilia wa safu ya ushauri, naomba msaada wako kabla sijamvunja mtu pua kwa kifimbo changu cha kusukumia unga. Mimi ni mwokaji mikate huku kusini mwa Italia, umri umekwenda, kipara kinang'aa na tumbo hunitangulia kufika kila niendako, na ndiyo maana kiangazi kilichopita watu wa filamu kutoka Roma waliponiona wakasema, "Huyu huyu!", kwani walitaka mume wa kukoroma katika vichekesho vyao vya kitandani huku mkewe akimfungulia hawara dirisha, nami mjinga nikajiona nyota, nikawapa hadi chumba chetu cha kulala, na yule mwigizaji akavaa gauni la kulalia la mke wangu Addolorata, ambaye muda wote alikuwa jikoni akiwapikia tambi. Sasa filamu imefika sinema ya hapa mjini, na watu wameona kitanda chetu, Bikira Maria wetu ukutani, na gauni lile wanaloliona kwenye kamba yetu kila tukifua, basi wameamini ni mambo yetu ya kweli! Nikiingia mkahawani, Cosimo muuza nyama ananyoosha vidole viwili juu ya kichwa, zile pembe za mume aliyesalitiwa, anasema, "Oronzo, inama, utagonga mlango!" Nikamwambia ile ni filamu tu. "Filamu, ndiyo, lakini kukoroma kule ni kwako, majirani tunakujua!" Nikarudi nyumbani nawaka, nikamwambia Addolorata twende kwa padri akaape mbele ya mashahidi kwamba hajawahi kunisaliti. Akanitazama. "Uliyelala mbele ya kamera ni wewe, wa kuapa ni mimi?" Jioni ile, ili ajue nimekasirika, nikaenda peke yangu matembezi ya barabara kuu, yale ambayo kila mume huenda na mkewe, na asubuhi akafungasha, akaenda kwa dada yake mjini Lecce. Nimfanyeje arudi, aape, na heshima yangu irudi?

Oronzo

Oronzo, pole kwa Cosimo. Anayeshinda akiicheka ndoa ya mwenzake, huenda kwake hakuna wa kucheka naye. Lakini huruma yangu inaishia hapo. Unalilia heshima yako, ya Addolorata umeiweka wapi? Wewe ulipata kuwa nyota. Yeye alipika, gauni lake likavaliwa na mgeni, mji ukamtukana, kisha mtu pekee aliyeujua ukweli wote, mumewe, akamdai kiapo! Na hayo matembezi! Hukuzaliwa mji huo? Jioni wenzako wote wameshikana mikono na wake zao, wewe unapita peke yako umenuna. Cosimo alikuwa akitania, bwana. Uliyewathibitishia watu uvumi huo ni wewe.

Padri mwache apumzike. Kesho funga tanuri mapema, panda basi la Lecce. Usibebe keki, mke wa mwokaji ameshakinai keki. Sema mbele ya dada yake: "Nimekukosea." Ukiongeza "lakini," umeharibu. Akikubali, Jumapili tembeeni mkono kwa mkono kutoka kanisani hadi kituo cha treni, polepole, na pa kusimama achague yeye. Cosimo akinyoosha vidole, nyamaza, mwache mkeo amjibu. Kwa ulimi anakushinda, hilo limeonekana. Akikataa kurudi, usimlaumu mtu. Nenda nyumbani, osha vyombo ulivyolundika, na kesho yake panda basi tena.