Jina Lililochongwa Ndani ya Kengele

Halifax, 9 Machi 1942

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja umembeba mjukuu wako. Je, kifua kimeacha kukubana? Sisi tunakula samaki wa chumvi na viazi, na mtoto ameota jino.

Najua umenuna kwa ajili ya jina. Niliahidi ataitwa Rufus, kama marehemu baba, nawe umeandika kwamba nimekufanya kichekesho kanisani. Nisikilize kwanza, mama, ndipo unigombeze.

Meli ya kivita ya mume wangu Everett husindikiza meli za mizigo, unajua. Januari nyambizi ya Wajerumani ilipiga meli ya mafuta ya Wanorwe. Bahari ikawaka. Watu waliruka wakiungua, ngozi za nyuso zimechunika, wakaelea ndani ya mafuta mazito wakipuliza filimbi za kuomba msaada. Walipomwona Everett na wenzake wanakuja, wakashangilia. Mmoja akapaza sauti akitania kwamba teksi imechelewa, hatampa dereva bakshishi.

Kumbe nyambizi imejificha chini yao hasa. Nahodha akaamuru mabomu ya kulipukia chini ya maji, na anayeyaangusha ni mume wangu. Anasema aliuliza mara mbili. Akajibiwa, angusha, mwanangu, la sivyo kesho watakufa mia tatu. Akaangusha. Maji yalipasuka, watu wakarushwa juu vipande vipande. Waliobaki wazima walitokwa damu masikioni, wakazama. Nyambizi yenyewe haikupatikana.

Waliokota mmoja tu aliye hai. Siku tatu alimwita mdogo wake, Sigurd. Sigurd huyo ndiye yule aliyetania juu ya teksi.

Everett aliporudi hakumgusa mtoto. Alisema mikono yake haifai.

Mwezi uliopita tulimbatiza melini. Kwa desturi ya mabaharia, kengele ya meli hupinduliwa, hutiwa maji ya ubatizo, na jina la mtoto huchongwa ndani. Kasisi alipouliza jina, nilimtazama Everett, amesimama mbali, mikono mgongoni. Mama, naungama: hakuniomba yeye. Ni mimi niliyesema Sigurd. Wenzake wote wakainamisha vichwa. Everett alilia kama mtoto, lakini hakusogea.

Baba alikuwa na moyo mpana, naamini hatachukia. Rufus atakuja kwa uzazi ujao, Mungu akipenda.

Wasalimie majirani wote. Samahani kwa mwandiko uliopinda huko juu. Hapa chini umenyooka kwa kuwa mikono yangu yote miwili i huru. Everett ameingia sasa hivi, amemchukua mtoto.

Binti yako akupendaye,
Verna