Mashine Iliyovaa Jina la Wifi

Jumatatu, 4 Mei

Wifi kasimamishwa kazi! Msahihishaji wa gazeti letu miaka yote hii, mtu wa kugombana na nukta — leo kanyang'anywa kitambulisho getini kama mwizi wa kuku. Kisa: makala ambayo bosi aliizuia mpaka hukumu itoke, jana imechapishwa. Kampuni iliyotajwa inatishia kwenda mahakamani. Rekodi za mfumo zinasema aliyeituma mtamboni ni wifi. Yeye anaapa hakuigusa. Bosi anasema kompyuta haina sababu ya kudanganya. Nikamjibu haina, lakini ikidanganywa inarudia vizuri sana. Akanifungia mlango.

Mume wangu hakula. Huyu ndiye dada aliyemlea. Ameniomba safari hii nigombe kwa akili, si kwa sauti. Kana kwamba mimi navitenganisha!

Jumanne, 5 Mei

Nimembana fundi wa kompyuta kwenye ngazi. Kajikunakuna, kisha kasema yote. Ile akili bandia ya kusahihisha kurasa haikupewa jina lake mwenyewe la kuingilia mfumoni. Kuiombea jina kungezunguka ofisi nyingi, na bosi alikuwa na haraka. Akaamuru itumie jina na paswadi ya wifi, maana jina la wifi halikataliwi popote. Na kweli! Kila alipohamishwa meza — maktaba, michezo, kukaimu uhariri — aliongezewa mlango mwingine ndani ya mfumo, na hakuna aliyekumbuka kumfungia wa zamani. Mashine ikaingia hadi kwenye makala zilizozuiliwa, ikakuta ukurasa uliokamilika, ikafanya ilivyoagizwa: sahihisha, peleka mbele.

Nimesoma vitabu vizima juu ya madaraka na watawala. Hakuna hata kimoja kilichonionya kwamba mtu anaweza kufukuzwa kwa kazi ya mwenzake asiye na mwili.

Fundi hatatoa ushahidi. Ana watoto, na bosi ni bosi. Nimemwelewa. Sijamsamehe.

Jumatano, 6 Mei

Nimeandika utetezi, nimeuchana. Hasira tupu. Wifi kapiga simu: anataka kuomba radhi, yaishe, asije akafukuzwa kabisa. Nikamwambia akithubutu simjui. Akaniuliza, "Wifi, unapigana kwa ajili yangu au kwa raha yako?"

Nikachukua karatasi mpya. Yote mawili.

Alhamisi, 7 Mei

Ushindi! Ushindi mtamu!

Kikao chumba cha mikutano. Wifi katikati, hana simu, hana kitambulisho, kashika mkoba mapajani. Bosi akasoma rekodi kwa sauti ya mazishi. Mimi, mtetezi wake, nikaomba kitu kimoja tu: fundi atuonyeshe ukutani jina la wifi linafanya nini wakati huu. Fundi akamtazama bosi. Bosi akatazama dirisha. Afisa utumishi, mama mkavu asiyependa mtu yeyote, akasema fungua.

Jina la wifi hilo hapo. Linawaka kijani. Liko kazini! Linasahihisha ukurasa wa michezo, sentensi zinafutika na kuandikwa upya mbele ya macho yetu. Walimfungia mtu geti, jina hawakuligusa — wangelifunga, gazeti lisingetoka.

Nikasema, "Wifi yangu, inua mikono juu."

Akainua yote miwili. Mkoba ukaanguka. Ukurasa ukaendelea kusahihishwa.

Sikuongeza neno. Mimi! Wifi akauliza kama ashushe mikono au bado kuna ukurasa. Wa kwanza kucheka alikuwa afisa utumishi.

Karudishwa kazini leo leo. Radhi itatoka kwa maandishi, na bosi ndiye atakayetia saini. Mume wangu kacheza sebuleni bila muziki.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeingia kikaoni na masharti, yote yamepita. Mashine ipate jina lake. Ione kurasa za siku hiyo tu. Mlango wa mtamboni iusahau. Na sisi binadamu tupunguziwe milango tusiyoitumia. Wakaanza na mimi. Kumbe nilikuwa na ruhusa ya kuona mishahara ya jengo zima! Na imefungwa kabla sijachungulia.

Fundi, ambaye sasa kapata sauti, akasema kila jina la mashine lazima liwe na mtu wa kulijibia. Likikosea, aulizwe yeye. Wote wakainamia viatu. Bosi, taratibu: "Aandikwe aliyeshinda."

Nikajiandika. Kwa mbwembwe.

Jumatatu, 11 Mei

Ombi la kwanza la mashine limenifikia mezani. Inataka kusoma barua zote ambazo wasomaji wameniandikia kwenye safu yangu, ijue makosa wanayoyalalamikia. Nikakataa: mle kuna watu walionieleza mambo ya ndani ya nyumba zao. Papo hapo likaja ombi la pili. Inakubali sababu yangu. Inaomba zile tu zilizokwisha kuchapishwa, kwa wiki moja, kisha mlango ujifunge wenyewe.

Jamani. Katika jengo hili hakuna aliyewahi kunijibu hoja kwa adabu hivyo. Natafuta kasoro, siioni — na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Nimeiuliza: barua iliyochapishwa bila jina, nakala yake ya awali tuliyoihifadhi je, ina jina la mwandishi? Imejibu kwamba haijui, na kwamba mimi ndiye ninayeweza kuangalia.

Naangalia. Bosi kachungulia mlangoni, anataka jibu kabla kurasa hazijafungwa. Nimemwambia asubiri, bado nabishana.

Akauliza nabishana na nani, mbona chumbani hamna mtu.