Usiseme Kitu Ndani ya Treni

Hillbrow, Johannesburg
Jumatano, 10 Septemba 2025

Mwanangu Mayasa,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na kile kifua kimepoa. Mimi sijambo, goti tu ndilo linalonitesa, na lifti ya jengo letu imekufa tena, kwa hiyo ghorofa saba napanda huku nanung'unika.

Umeniambia Jumamosi unapanda treni kutwa nzima, kutoka Munich mpaka Copenhagen, kwa Nusaiba na mama yake. Nitasema wazi: sipendi. Kwani ndege zimekwisha? Najua utanicheka, lakini tangu mwaka ule wa fujo za kuwawinda wageni, Bakiri, baba yake Nusaiba, aliposukumwa nje ya treni hapa Joburg akafa, mimi sijakanyaga treni tena.

Ukiwa hunisikii, basi shika niliyokufundisha tangu una miaka saba. Begi mapajani. Usiseme kitu. Mtu akikusemesha, tabasamu kisha tazama dirishani. Wakisikia lafudhi yako tu, wameshakujua.

Baba yako,
Ameir


Munich
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Baba, shikamoo.

Wa alaykum salaam. Kifua kimepona, na goti lako ulipake ile dawa, usiiweke kabatini kama pambo. Naandika Kiswahili kwa shida maana najua nikiandika Kiingereza hujibu. Ukikuta makosa, funga macho.

Eish, Baba! Nusaiba sijamwona tangu wahamie Denmark. Mama yake, Bi Zubeda, amesema atapika biriani, na anataka nimsimulie habari za marehemu mumewe, chochote ulichowahi kuniambia, maana mlikuwa kama ndugu. Nitamwambia nini? Wewe husimulii. Najua tu kwamba siku ile ulibaki dukani, yeye akaondoka peke yake.

Nitakaa kimya, naahidi. Hata nisipotaka, nikiingia kwenye treni mdomo unajifunga wenyewe. Ndivyo ulivyonilea.

Mwanao,
Mayasa


Ndani ya treni
Jumamosi, 13 Septemba, saa tatu asubuhi

Baba, shikamoo, umeamkaje?

Niko njiani na naogopa, usinicheke. Behewa limejaa wanaume wenye skafu za mpira, wanaimba na kugonga meza. Mbele yangu yuko bibi mmoja ananisemesha Kijerumani cha haraka bila kuchoka, simwelewi. Ameonyesha tiketi yangu kwa kidole, kisha akanivuta mkono wa koti. Nimekumbatia begi na kujifanya nimelala.

Chaja nimeisahau kitandani, betri inakwisha. Saa kumi na moja jioni nitakuwa Copenhagen, in shaa Allah.

Mwanao


Hillbrow
Jumamosi, saa nane mchana

Mayasa, hujambo? Umefika wapi? Huyo bibi bado yupo? Niandikie hata neno moja.

Baba


Hillbrow
Jumamosi, saa kumi na mbili jioni

Mwanangu,

Salamu zimenikauka. Nimempigia Nusaiba. Alikuwa stesheni, treni yako imefika, watu wote wameshuka, wewe humo. Tangu asubuhi hujaandika. Nimeswali alasiri na sijui niliswali rakaa ngapi. Nafuta maneno na kuandika upya.

Naona Mungu ananirudishia niliyoyafanya. Acha niseme, huenda akanihurumia.

Siku ile sikubaki dukani. Nilikuwa kwenye treni, behewa moja na Bakiri. Tulikaa mbalimbali kwa makusudi, ndivyo tulivyozoea, tusije tukajisahau tukaongea. Watu wakaingia, wakawa wanamwuliza kila abiria katoka wapi. Walipomfikia yeye, akaniita. Aliniita kwa jina langu: "Ameir, waambie!" Wakageuka wote kunitazama. Mmoja akaniuliza kwa Kizulu kama namjua mtu huyu. Nikatikisa kichwa, nikatazama dirishani.

Wakamsukuma treni ikiwa inakwenda. Mimi nikashuka kituo kilichofuata nikarudi nyumbani, mama yako akanipa chai, nikainywa.

Sikuogopa treni peke yake, Mayasa. Niliogopa wewe kukaa mbele ya Zubeda akuulize. Na haya niliyokufundisha si busara, ni woga wangu nimeuvika nguo nzuri. Sema, mwanangu. Popote ulipo, mshike mtu yeyote umwambie umepotea.

Baba yako


Copenhagen
Jumamosi, saa tatu usiku

Baba,

Niko salama. Nimefika, tulia.

Hanover treni ilikatwa vipande viwili: mabehewa ya mbele yakaenda Hamburg, njia ya Copenhagen, ya nyuma Bremen. Mimi nilikuwa nyuma. Yule bibi alikuwa ananieleza hilo. Nikajikuta Bremen, simu imezima, na nililia kwenye benchi muda mrefu kabla ya kupata ujasiri wa kumwuliza mfanyakazi wa stesheni. Alinichorea njia kwenye karatasi. Hata hakuniuliza nimetoka wapi.

Sasa hili jingine. Nilipofika tuliichomeka simu, tukaketi kula. Ujumbe wako ukaingia. Mikono yangu ilikuwa na biriani, nikamwambia Nusaiba atusomee kwa sauti, nikidhani ni wasiwasi wako wa kila siku, tucheke kidogo. Akasoma. Alipofika kwenye jina la baba yake nilimwambia aache. Hakuacha, alisoma mpaka mwisho.

Nusaiba yuko nje kwenye ngazi, hataki nimguse. Bi Zubeda hajalia. Amenawa mikono, amerudi kukaa mahali pake. Nimemwomba akusamehe, akaniambia hilo si langu kuomba. Kisha akasema: "Miaka kumi na saba naambiwa mume wangu alikufa katikati ya watu wasiomjua." Sijui kama hiyo ni hasira au ni nafuu, Baba. Nimeutazama uso wake na bado sijui.

Anataka kusikia mumewe alivyokuita, sauti yake ilivyokuwa. Anataka aisikie kwa mdomo wako, si kwenye maandishi. Naogopa kuliko nilivyoogopa Bremen. Ananyoosha mkono, anataka simu, nimemwomba nimalize mstari huu tu.

Anapiga sasa. Pokea.

Mwanao,
Mayasa